Pampu Moja, Vifua Viwili



Leo tuanzie nyumbani. Tuseme unakaa Kizimkazi Dimbani. Wewe una pumu tangu utotoni. Babu yako ni mvuvi wa zamani, alivuta sigara zaidi ya miaka thelathini. Siku hizi akienda msikitini Ijumaa, husimama mara mbili njiani kutafuta pumzi. Juu ya kabati ziko pampu mbili za kuvuta, rangi ya kahawia. Moja yako, moja yake.

Jioni moja jirani anapiga hodi. Baada ya salamu na kahawa, macho yake yanatua kabatini. "Nyie, wacheni hayo madawa," anasema. "Mimi nimesikia yanaleta kichomi." Babu anakugeukia wewe, kwa sababu wewe ndiye unayesoma: "Mjukuu wangu, ati ni kweli?"

Utamjibu nini? Ukisema "si kweli, babu," utakuwa umekosea. Ukisema "ni kweli, basi tuziache," utakuwa umekosea zaidi, na anayeweza kulipa kwa kosa hilo ni wewe. Tusome pamoja, halafu umjibu.

MARADHI MAWILI YANAYOFANANA

Pumu na maradhi sugu ya kuziba njia za hewa yote mawili humfanya mtu akohoe, apumue kwa shida na kifua kipige filimbi. Lakini si maradhi mamoja.

Pumu mara nyingi huanza utotoni. Njia za hewa zina uvimbe wa ndani na ni nyepesi kushtuka. Zikikutana na vumbi, mafua, baridi, moshi wa udi kwenye chetezo au hata kicheko kikubwa, hubana. Ukipata dawa, hufunguka tena. Leo unashindwa kupanda ngazi za skuli, kesho unacheza mpira.

Maradhi sugu ya kuziba njia za hewa huja ukubwani, polepole, baada ya miaka mingi ya kuvuta moshi. Kwanza ni moshi wa sigara. Pili ni moshi wa jikoni: kuni, makumbi na vifuu ndani ya banda la makuti lisilo na dirisha. Kwa hiyo bibi ambaye hajawahi kushika sigara naye anaweza kuugua. Wengine huachiwa kovu na kifua kikuu walichougua zamani. Hapa njia za hewa zimeharibika, na hazifunguki zote hata kwa dawa.

Usidhani ni maradhi ya Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapima watu wa kijijini Tanzania Bara wenye umri wa miaka 35 na zaidi. Takriban 17 katika kila 100 walikuwa nayo, na wengi wao hawakuwa wakijua.

NDANI YA PAMPU MNA NINI?

Pampu ni za aina nyingi, lakini zijue kwanza mbili.

Ya kwanza ni ya kufungua kifua. Dawa yake huitwa salbutamoli, na mara nyingi kikopo chake ni cha bluu. Hulegeza misuli inayobana njia za hewa, na mtu hupata nafuu ndani ya dakika chache. Lakini haitibu uvimbe.

Ya pili ni ya kinga. Ndani yake mna steroidi, kwa mfano beklometasoni, ambayo ilianza kutumika kwa kuvutwa mwaka 1972. Hii hupunguza uvimbe pole pole, kwa siku na wiki. Ukiivuta leo huhisi kitu, ndiyo maana vijana wengi huitupa. Rangi hubadilika kwa kila kiwanda, kwa hiyo soma jina la dawa, usitazame rangi tu.

Usichanganye steroidi hii na ile ya wanamichezo wanaotafuta misuli. Ni jamaa kwa jina tu. Wala usiilinganishe na vidonge. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 ni sawa na maikrogramu 5,000, nacho huzunguka mwili mzima. Mgonjwa wa pumu huweza kutumia pampu ya maikrogramu 200 mpaka 400 kwa siku nzima, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika pale pale kifuani. Nguvu za dawa hizi hazilingani uzito kwa uzito, lakini umeona tofauti.

SASA, NI KWELI INALETA KICHOMI?

Kichomi tunachokizungumzia hapa ni homa ya mapafu: vijidudu vinaingia ndani kabisa ya mapafu na kuyajaza maji na usaha.

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa TORCH. Uliwafuata wagonjwa zaidi ya 6,000 wa maradhi sugu ya kuziba njia za hewa, katika nchi 42, kwa miaka mitatu. Waliopewa pampu isiyo na dawa, takriban 12 katika kila 100 walipata homa ya mapafu. Waliopewa steroidi ya flutikasoni peke yake, walikuwa takriban 18. Waliopewa flutikasoni pamoja na dawa ya kufungua kifua, walikaribia 20.

Kwa hiyo jirani hakusema uongo. Lakini alisema nusu. Utafiti ule ule ulionyesha kwamba waliopata dawa mbili pamoja walizidiwa na maradhi yao mara chache zaidi, pungufu kwa robo, kuliko waliopata pampu tupu. Tena kipimo cha flutikasoni kilikuwa kikubwa, maikrogramu 1,000 kwa siku. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilizipitia upya steroidi za kuvuta kwa wagonjwa hawa. Ikakubali kwamba hatari ya homa ya mapafu ipo, na ikasema faida bado inazidi.

KWA NINI ITOKEE?

Mwili una walinzi. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vinavyosukuma makohozi juu, na chembe zinazokula vijidudu. Uvimbe nao ni sehemu ya ulinzi: ndiyo namna mwili unavyopigana.

Steroidi hutuliza uvimbe. Ikituliza, inawapoza na walinzi kidogo. Kifua cha babu kilishaungua kwa moshi, vinyweleo vimekufa, makohozi yanalala humo, na vijidudu vimeshafanya maskani. Ukiwapoza walinzi waliobaki, vijidudu hupata nafasi.

Kifua chako wewe mwenye pumu ni kingine. Adui wako mkubwa ni uvimbe wenyewe. Ukitulia, njia zinafunguka na kifua kinafanya kazi kama kawaida. Majaribio ya dawa kwa wagonjwa wa pumu hayakuonyesha ongezeko la homa ya mapafu kama lile la akina babu.

NANI YUKO HATARINI ZAIDI?

Katika wagonjwa wa maradhi sugu, hatari huwa kubwa kwa:
• anayetumia kipimo kikubwa cha steroidi;
• anayeendelea kuvuta sigara;
• mwenye miaka 55 na zaidi;
• aliyekonda;
• aliyewahi kuugua homa ya mapafu;
• ambaye njia zake za hewa zimeziba sana.

Ndiyo maana siku hizi madaktari hawampi steroidi kila mwenye maradhi hayo. Huanza na dawa za kufungua kifua zinazokaa muda mrefu. Steroidi huongezwa kwa mgonjwa anayezidiwa mara kwa mara, hasa kama ana pumu pia. Kipimo cha damu husaidia kuamua. Katika picha kamili ya damu huhesabiwa chembe nyeupe ziitwazo eosinofili. Zikiwa 300 na zaidi katika tone dogo la maikrolita moja, steroidi ina uwezekano mkubwa wa kusaidia. Zikiwa chini ya 100, faida ni ndogo na hatari inabaki.

Kwa hiyo swali la babu si "niiache?" Swali lake ni hili, na alipeleke kwa daktari: "Dokta, mimi bado naihitaji hii ya steroidi? Na kipimo hiki ndicho?" Akiiacha ghafla bila ushauri anaweza kuzidiwa.

NA WEWE JE?

Wewe usiache. Kijana mwenye pumu anayetegemea pampu ya bluu peke yake anazima kengele huku nyumba inaungua. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu, GINA, haipendekezi tena mtu mzima au kijana wa miaka 12 na zaidi atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Wanataka kila mmoja apate na steroidi ya kuvuta. Pumu isiyokingwa huua, na huua hata vijana.

UTANDO MWEUPE MDOMONI

Kuna maambukizo mengine madogo ambayo hata wewe unaweza kuyapata: utando mweupe ulimini na kooni. Huo ni ukungu uitwao kandida. Huota kwa sababu sehemu ya dawa hubaki mdomoni. Kinga yake ni maji: ukimaliza kuvuta, sukutua mpaka kooni, tema, usimeze.

Kwetu hili halina tabu. Pampu ya kinga kwa kawaida huvutwa asubuhi na jioni. Vuta kabla ya kutia udhu wa Alfajiri na kabla ya udhu wa Isha. Kusukutua kumo tayari. Mwezi wa Ramadhani panga na daktari uvute baada ya futari na wakati wa daku. Lakini kifua kikibana mchana, usingoje jua lizame. Tumia dawa, mgonjwa ana ruhusa yake.

Njia nyingine ni kuvuta kupitia chupa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wenye pumu iliyopanda. Chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri pembeni mwa pampu, ilifanya kazi sawa na kifaa cha kununua. Mwambie mhudumu wa afya akuonyeshe namna ya kuitengeneza. Bonyeza mara moja, pumua ndani ya chupa mara tano au sita, halafu ndiyo ubonyeze tena. Dawa nyingi zaidi itafika kifuani, na kidogo itabaki mdomoni.

MAMBO MATATU YA HATARI

Kwanza, kifua kikuu. Vidonge vya steroidi vinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na pampu za kipimo kikubwa zimehusishwa na hatari kidogo pia. Mwenye kikohozi cha wiki mbili na zaidi, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda apimwe makohozi. Asiongezewe pampu tu. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Pili, dawa za virusi vya UKIMWI. Anayetumia mchanganyiko wenye ritonaviri amwambie daktari. Ritonaviri huzuia mwili kuvunja flutikasoni na budesonidi, zikajaa mwilini kama mtu anayekunywa vidonge. Beklometasoni huwa salama zaidi kwake.

Tatu, vidonge vya dukani. Wapo vijana wanaonunua deksamethasoni au prednisoloni ili wanenepe. Huo si unene, ni uvimbe, na walinzi wa mwili mzima wanalazwa. Aliyetumia kwa muda mrefu asiache ghafla, aende hospitali apunguziwe taratibu.

LINI KUKIMBILIA HOSPITALI?

Babu au bibi akipata homa, makohozi yakibadilika kuwa ya kijani au ya rangi ya kutu, akichomwa kifuani anapovuta pumzi, akihema mbio au akianza kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali, iwe Makunduchi au ya karibu zaidi. Homa ya mapafu ikiwahiwa hutibika.

Na wewe, ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au pampu ya bluu isipokutuliza, piga kelele upelekwe hapo hapo.

SASA MJIBU BABU

"Babu, jirani kasema kweli nusu. Kwa kifua kama chako dawa hii inaweza kuongeza kichomi, lakini pia inaweza kukuzuia kuzidiwa. Usiiache leo. Jumatatu twende pamoja kwa daktari, tuchukue na pampu yenyewe, tumuulize kama bado unaihitaji. Sigara umeshaiacha, alhamdulillahi. Jiko la bibi tulitoboe dirisha. Na pampu yangu mimi naendelea nayo."

Halafu mwambie na jirani. Kwa adabu.

JIPIME

1. Kwa nini dawa moja iwe na hatari tofauti kwa babu na kwa mjukuu?
2. Rafiki yako ana pampu ya bluu tu, na anaimaliza kila mwezi. Utamshauri nini?
3. Kwa nini tunasukutua baada ya kuvuta steroidi?
4. Je, ni sawa kumwazima mwenzako pampu yako ya kinga?

MAJIBU: 1. Kifua cha babu kimeharibiwa na moshi na kina vijidudu vilivyokwishaingia. Cha mjukuu kina uvimbe ambao dawa inautuliza. 2. Pumu yake haijadhibitiwa. Aende kwa daktari apate dawa ya kinga. 3. Kuzuia ukungu wa kandida mdomoni. 4. Hapana. Umeshaona, pampu moja, vifua viwili.