Mkwe Anakuja, Tumpeleke Ufuko Gani?

Shangazi, natunza wazee hapa Malta, na mume wangu yuko hapa pia. Julai mama mkwe anakuja kutoka Pangani, tumepanga kumpeleka kisiwa cha Comino, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Mume wangu ameng'ang'ania Blue Lagoon, eti usipofika pale hujafika Comino. Mimi naona watu ni wengi na nguo ni chache, mama atakereka. Nataka ghuba ya Santa Marija. Tumenuniana wiki nzima. Nani ana haki?
Mkaza Mwana, Malta

Mwanangu, barua nzima nimeisoma, mkwe mwenyewe hajafungua mdomo. Mnamgombania mtu ambaye hamjamuuliza kama anataka kuogelea au kukaa kivulini na chupa yake ya chai. Mpigie simu leo. Wala usishangae: mama wa Pangani huenda akawashinda nyote wawili majini.

Kuhusu rangi ya maji, mumeo hajakosea. Kati ya Comino na kijisiwa cha Cominotto kuna mchanga mweupe chini, ndio unaoyang'arisha. Ila ufuko wenyewe ni kijipande tu, na wengi huingilia majini kwenye miamba. Kwa magoti ya mtu mzima, mwamba ulioloa ni balaa. Msongamano nao ulizidi mpaka serikali ikaingilia kati: tangu 2025 watu hujiandikisha mapema, bure, kwa saa maalumu. Kama mumeo hajajiandikisha, anabishania nini?

Santa Marija, upande wa kaskazini, kuna mchanga, kina kinaongezeka polepole, na nyuma kuna miti. Hiyo miti ndiyo iliyonivutia mimi. Comino nzima ni kama kilomita 3.5 za mraba, na kivuli chake ni cha kutafuta kwa tochi. Mtakuta majani ya bahari yamerundikana ufukoni. Yananuka kidogo, hayadhuru.

Mkwe atauliza maji yanakupwa saa ngapi. Mwambie huku hakuna bamvua. Maji hupanda na kushuka kiasi cha shubiri moja hivi. Huku mnaangalia upepo. Ukivuma wa kaskazini mashariki, Santa Marija huchafuka, na siku hiyo mpe mumeo ushindi wake. Waulizeni pia wenye boti kuhusu yavuyavu wa zambarau. Akimchoma mtu, suuzeni kwa maji ya bahari, si maji baridi ya chupa, na msisugue mchanga.

Hofu yako ya nguo za wengine naielewa, lakini mimi naihofia zaidi nguo ya mkwe. Dera likilowa huwa zito na huzonga miguu. Mnunulie suruali na kanzu fupi za kitambaa cha kuogelea, umkabidhi kabla ya safari ili asijaribishe mbele za watu.

Mumeo na ajiandikishe, apande boti ya mapema, apige picha zake mpaka aridhike, kisha awafuate. Kwa miguu ni kama nusu saa. Wewe na mkwe tafuteni chombo kinachoshusha Santa Marija kwenyewe. Na kapu la chakula na maji, abebe mumeo.