Jeraha moja, watoto wawili: Funzo la kiwewe kutoka kwa katuni

Wazazi wengi huchukulia katuni kuwa kitu cha kumtuliza mtoto huku chakula kikiiva. Mtoto huketishwa mbele ya runinga, wakubwa wakaendelea na shughuli zao, na hakuna anayejali kinachosemwa kule. Lakini ikiwa nyumbani kwako yupo kijana anayependa mfululizo uitwao Avatar: The Last Airbender, yafaa siku moja msomaji uvute kiti uketi naye. Ndani ya hadithi hiyo mna somo kuhusu afya ya akili ya watoto ambalo wengi wetu hatukulipata shuleni wala kwa wazee wetu.

Mfululizo huo ulitungwa na Wamarekani wawili, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko. Ulionyeshwa mara ya kwanza kati ya 2005 na 2008, vipindi 61 kwa jumla, na mwaka wa 2024 hadithi hiyo ikaanza kuonyeshwa upya ikitumia waigizaji wa kweli. Ni ulimwengu ambamo baadhi ya watu wana uwezo wa kuongoza maji, ardhi, moto au hewa kwa miondoko ya mwili. Taifa la Moto limewapiga wenzao vita kwa miaka 100. Karibu kila mhusika, mwema kwa mwovu, amefiwa, amefukuzwa kwao au amefungwa. Swali ambalo mtazamaji hawezi kulikwepa ni hili: Mbona baadhi yao waligeuka mashujaa na wengine wakawa wakatili?

Kwanza tuelewe kiwewe ni nini. Mtu anapotishwa, ubongo huamrisha mwili upigane, ukimbie au uduwae. Moyo hupiga kasi, misuli hukaza na homoni za dharura huingia katika damu. Hatari ikipita, mwili hutarajiwa kurejea hali yake ya kawaida. Kwa aliyepatwa na kiwewe haurejei vyema. Huendelea kuishi kana kwamba hatari bado iko mlangoni. Madaktari wa akili wa Marekani waliuorodhesha rasmi ugonjwa huu mwaka wa 1980, hasa baada ya kuona hali ya wanajeshi waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Sasa mfikirie mtoto ambaye anayemtisha ndiye anayemlisha. Huyo hatari yake haipiti, kwani hukutana nayo mezani kila jioni.

Mtoto aliyechomwa

Zuko ni mwana wa mfalme wa Taifa la Moto. Akiwa na umri wa miaka 13 aliingia katika kikao cha vita, akamsikia jenerali mmoja akipanga kuwatoa kafara wanajeshi wachanga ili kumnasa adui. Akapinga. Kwa kosa hilo la kusema ukweli mbele ya wakubwa, aliamriwa apigane. Alidhani atakabiliana na yule jenerali. Alipogeuka, alimwona babake mwenyewe, mfalme Ozai. Mvulana akapiga magoti, akalia, akakataa kupigana. Babake akamchoma uso upande wa kushoto kisha akamfukuza nchini, arudi tu atakapomkamata Avatar, mtu ambaye hakuwa ameonekana kwa karne nzima.

Ozai angeulizwa, bila shaka angesema alikuwa akimfunza mwanawe adabu. Hata kwetu wapo wanaotaja upesi methali ya mchelea mwana kulia wanapotaka kuhalalisha kipigo kisicho na kipimo.

Tunapokutana na Zuko ana umri wa miaka 16, na ni adui wa mashujaa wetu. Hupiga kelele kwa mabaharia wake, hulipuka kwa jambo dogo, na kila baya analolitenda lina lengo moja tu, apendwe na yule aliyemchoma. Hili huwashangaza wasioelewa kiwewe, lakini wanaowahudumia watoto waliodhulumiwa hulijua sana. Mtoto mdogo hawezi kuamini kuwa mzazi wake ni mbaya, maana atabaki na nani? Ni rahisi kwake kuamini kuwa yeye ndiye mbaya, na kwamba akijitahidi zaidi mambo yatakuwa sawa.

Mtoto aliyesifiwa

Hapa ndipo hadithi hii inapozidi nyingine nyingi. Zuko ana dada mdogo, Azula, mwenye miaka 14. Yeye hakuchomwa. Siku ile kakake alipochomwa, alikuwa miongoni mwa watazamaji, akitabasamu. Ni hodari kwa kila jambo, babake humsifu, na kila mtu humwogopa. Ukiwaweka wawili hao mbele ya mwalimu na kumuuliza ni nani anayehitaji msaada, atamwonyesha Zuko.

Lakini tazama kwa makini. Mara ya kwanza anapoonyeshwa akifanya mazoezi, wazee wanaomfunza wanamwambia amekaribia ukamilifu, ila unywele mmoja tu umetoka mahali pake. Anakasirika na kurudia zoezi zima. Msichana huyo amekwisha kujifunza kuwa katika nyumba yao yupo anayependwa na yupo anayechomwa, na kinachowatenganisha ni kosa moja. Usiku mmoja, wakiota moto ufuoni na wenzake, anatamka kwa mzaha kuwa mama yake alimwona kama zimwi, kisha anakiri kuwa jambo hilo lilimuuma. Ni karibu mara ya pekee tunapomsikia akisema kuwa ameumia, kabla ya siku zile za mwisho.

Na mwisho wake ni wa kutisha. Babake anamwacha nyuma akaenda vitani, naye analia kuwa hawezi kutendewa kama Zuko. Baada ya hapo anamfukuza mtumishi kwa sababu ya kokwa moja iliyobaki katika bakuli la matunda, kisha walinzi, kisha mmoja wa wazee wake wale. Anazikata nywele zake mwenyewe kwa mkasi, anamwona mama yake katika kioo ilhali mama hayupo, na anakivunja kioo hicho. Tunamwacha akiwa amefungwa minyororo, akilia na kutoa moto mdomoni. Watoto wengi hushangilia hapo. Mimi sikuweza.

Mjomba, au tuseme ami

Basi ni nini kilichowatenganisha ndugu hawa wa nyumba moja? Zuko alikuwa na Iroh, kakake babake. Iroh alikuwa jenerali aliyeuzingira mji wa Ba Sing Se kwa siku 600, akampoteza mwanawe wa pekee huko, akaacha vita. Zuko alipofukuzwa, Iroh alipanda meli pamoja naye. Alimpikia chai, akavumilia matusi yake, akamwambia ukweli bila kumtweza. Hata Zuko alipomsaliti naye akatiwa gerezani, uhusiano huo haukukatika. Kijana anapokuja mwishowe kuomba msamaha, Iroh anamkumbatia hata kabla hajamaliza kusema. Azula hakuwa na mtu kama huyo. Nani angedhani anamhitaji?

Haya si ya katuni tu. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtaalamu wa saikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka wa 1955 hadi wakawa watu wazima. Miongoni mwa wale waliolelewa katika umaskini na nyumba zenye misukosuko mikubwa, takriban thuluthi moja walikua watu wazima timamu, wenye kujiamini na kuwajali wenzao. Jambo mojawapo lililojitokeza ni kuwa walikuwa wamepata angalau mtu mzima mmoja wa kutegemewa, awe nyanya, shangazi, mwalimu au jirani.

Kwa upande mwingine, uchunguzi wa madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, uliowahusu watu zaidi ya 17,000 huko San Diego na ambao ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1998, ulionyesha kuwa kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso utotoni, ndivyo alivyozidi kuwa katika hatari ya huzuni kuu, ulevi na hata maradhi ya moyo ukubwani. Zingatia neno hatari. Halina maana ya hukumu.

Wala kiwewe si kibali cha kuumiza wengine. Mfululizo huu unao mwanamke mzee, Hama, aliyetekwa na kuteswa gerezani, ambaye baadaye anawafungia pangoni wanakijiji wasiomkosea lolote. Katara, msichana wa kabila lake mwenyewe, alipoteza mama yake mikononi mwa wanajeshi wa taifa hilo hilo. Anapompata muuaji, anamwinulia silaha za barafu, kisha anazishusha. Hamsamehi. Anamwacha tu, akaenda zake. Wanaodhani kupona ni lazima kusamehe wakitazame kipindi hicho mara mbili.

Kwa mzazi, mtoto kama Zuko ni rahisi kumtambua, kwani hupigana, hutoroka na hushindwa masomoni. Mtafute na yule mwingine. Huyo ndiye anayetetemeka akipata nafasi ya pili darasani, asiyelia hata ndugu yake akipigwa, anayetawala wenzake lakini hana rafiki, asiyeweza kulala kwa kosa dogo. Msifu siku asiyofanya lolote la ajabu. Akikosea, mwache aone kuwa bado ana kiti chake mezani. Ikiwa hali hiyo inaendelea kwa majuma kadhaa, au anazungumzia kifo au kujiumiza, mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha bila kungoja. Nchini Kenya, mtoto mwenyewe, au jirani aliyesikia kilio, anaweza kupiga nambari 116 ya Childline bila malipo, usiku na mchana.