Kunoa kisu cha jikoni kwa kinoo

Kisu changu nakipima kwa nyanya mbivu. Naweka makali juu ya ganda, sikandamizi, navuta tu. Yakizama, kisu ni kikali. Yakiteleza au kuliminya ganda mpaka maji yatoke, kisu ni butu na kachumbari ya siku hiyo itakuwa rojo. Kwa kitunguu ndiyo balaa zaidi: kisu butu hakikati bali kinaponda, na kadiri kinavyoponda ndivyo macho yanavyowashwa. Isitoshe, ndicho kinachojeruhi vidole, maana mtu hukikandamiza kwa nguvu, kikateleza.

Makali ni pale pande mbili za bapa zinapokutana. Kunoa ni kula chuma kidogo kila upande mpaka zikutane tena sawasawa, kwa hiyo pembe isiyobadilika ina kazi kubwa kuliko nguvu za mkono. Visu vingi vya jikoni hufaa kunolewa kwa nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kama bapa lina upana wa sentimita 4, mgongo wa kisu uinuke juu ya jiwe kati ya sentimita 1 na 1.4, takriban unene wa kidole cha mwisho.

Kinoo cha kawaida, kile cha mstatili kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kina upande wa chembe kubwa na upande laini. Nakilowesha maji na kutandika kitambaa kibichi chini yake kisiteleze. Mafuta ya kupikia usiyaguse. Yakikaa hunata na kuziba jiwe.

Naanza na upande wa chembe kubwa. Mkono wa kulia unashika mpini, vidole viwili vya kushoto vinakaa juu ya bapa. Nasukuma kisu makali yakitangulia, kama ninayetaka kubandua utando mwembamba juu ya jiwe, kuanzia karibu na mpini hadi kwenye ncha. Makali yanapojipinda kuelekea ncha, nainua mpini kidogo. Sikiliza pia: mlio ukibadilika ghafla, pembe nayo imebadilika.

Watu huniuliza wasugue mara ngapi. Usihesabu. Pitisha kidole gumba taratibu kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, kwa kukatisha, kamwe si kwa kufuata urefu wake. Ukigusa ule upande ambao haukuwa juu ya jiwe, utahisi kijiukingo kinachokwaruza: chuma kimeliwa mpaka mwisho, kikajikunja kuja huku. Kitafute kuanzia mpini hadi ncha. Pasipo nacho, rudi upanoe hapohapo. Kabla hujakihisi kote, usigeuze kisu. Naamini hii ndiyo sehemu inayotenganisha kisu kilichonolewa na kisu kilichosuguliwa tu.

Geuza, ufanye vilevile upande wa pili. Kisha hamia upande laini wa kinoo, zamu kwa zamu, kila mara ukipunguza uzito wa mkono, ili ule ukingo uondoke. Mimi humalizia kwa kukivuta juu ya mkanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia, halafu nakiosha, maana vumbi la chuma halifai kuingia kwenye chakula.

Huna kinoo? Pindua kikombe cha kauri. Ile duara ya kitakoni isiyong'arishwa hunoa vizuri kwa dharura, kwa pembe ileile. Mafundi wa kunoa wanaopita mitaani na baiskeli nawaheshimu sana, na panga langu huwapa wao. Kisu chembamba ni habari nyingine: gurudumu kavu likizunguka kwa kasi hukipasha moto, na makali yakishageuka buluu, chuma kimelegea na hakitakaa na ukali tena.

Baada ya hapo, tunza. Katia kwenye kibao cha mbao, si kwenye sahani wala marumaru. Usikitupe kisu kwenye droo pamoja na vijiko. Na ukimaliza kukatakata sukuma wiki, kigeuze, uikombe kutoka kwenye kibao kwa mgongo wa kisu.