Wamwite Jina Kwanza

RASHIDI: Shangazi, leo nimekuja na la kazini. Mfuko wetu umeombwa uchangie utafiti wa tiba ya watu waliopoteza fahamu. Wenzangu wanasema hizo ni fedha za kutupa, bora tununue mitungi ya oksijeni.

BI MWANAHAMISI: Mitungi nunueni, mwanangu, sikatazi. Ubongo ukikosa oksijeni dakika chache tu, mtu anazama kwenye koma. Lakini hilo la fedha za kutupa silikubali. Muheza unaijua?

RASHIDI: Kwa machungwa.

BI MWANAHAMISI: Basi hospitali ya huko ilikuwamo kwenye utafiti mkubwa wa watoto wenye malaria kali, pamoja na Korogwe na vituo vya nchi nyingine za Afrika. Watoto 5,425, wengine malaria imeshawapanda kichwani. Nusu walipewa kwinini, nusu sindano ya artesunate. Majibu yalitoka 2010: waliotumia kwinini walikufa asilimia 10.9, wa artesunate 8.5. Leo nesi anachanganya artesunate bila kuuliza mtu. Gharama ilibebwa na shirika la Wellcome Trust la Uingereza.

RASHIDI: Hiyo inaua vimelea, shangazi. Hawa waliotuomba wanataka kuuzindua ubongo.

BI MWANAHAMISI: Na huko ndiko kugumu. Sinema zimetudanganya: mgonjwa anafumbua macho, anaomba maji, kila mtu analia. Nilivyoona mimi wodini, mtu hurudi kidogo kidogo. Wiki hii macho yako wazi lakini hayamwoni mtu, mwezi ujao yanamfuata mama yake akipita. Kuna dawa ya siku nyingi, amantadine, ilianza kwa homa ya mafua, ikahamia kwa wenye ugonjwa wa Parkinson. Utafiti uliochapishwa 2012 uliwapa watu walioumia kichwa. Wote pamoja na wale waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 184. Katika wiki nne, waliokunywa amantadine walipata nafuu haraka zaidi. Walipoachishwa, kasi ikapungua.

RASHIDI: Kama dawa ipo, wanatafuta nini tena?

BI MWANAHAMISI: Utafiti ule ulionyesha mtu anawahi kupata nafuu. Haukuonyesha kama baada ya mwaka atakuwa mbali kuliko ambaye hakuinywa. Sasa niambie wewe mhasibu: dawa ambayo haki miliki yake ilishaisha, kila kiwanda kinaitengeneza kwa bei ya chini, kampuni gani itatoa mamilioni kuichunguza tena?

RASHIDI: Hakuna. Hawatarudisha fedha yao.

BI MWANAHAMISI: Ndiyo maana ule wa 2012 ulilipiwa na serikali ya Marekani. Na fedha za namna hiyo humfuata mwenye sauti: mwenye UKIMWI aliandamana mpaka akasikilizwa. Huyu wa koma hawezi hata kusema kiu imemshika, na ndugu zake wako chini ya mwembe wa hospitali wanachangishana hela ya dawa.

RASHIDI: Wenzangu watauliza: mtu asiyejitambua, tiba ya nini?

BI MWANAHAMISI: Waulize nao, nani kasema hajitambui? Mwaka 2009 watafiti wa Ubelgiji waliwapima upya wagonjwa 44 ambao madaktari walishakubaliana kwamba hawana fahamu kabisa. Kumi na wanane walikuwa nayo, hafifu, lakini ipo. Hawakutumia mashine. Walitumia kipimo cha mpangilio, hatua kwa hatua, kinachorudiwa. Moja ya hatua zake ni kioo: unakishika mbele ya uso wake, unakisogeza polepole kushoto, kisha kulia. Mtu anayeshindwa kufuata kalamu au kidole chako, huenda akaifuata sura yake mwenyewe.

RASHIDI: Kioo tu?

BI MWANAHAMISI: Kioo na subira. Mashine nazo zina kazi yake. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 241 ambao ukiwaambia fumba mkono, hakuna kinachotikisika. Walipopimwa ubongo huku wakipewa maagizo, 60 walionyesha dalili kwamba wanayafuata. Mmoja kati ya wanne, Rashidi! Na sisi wengine tulikuwa tukisimama kando ya kitanda tukizungumzia habari za mazishi.

RASHIDI: Sasa nikilisoma ombi lao, nitazame wapi?

BI MWANAHAMISI: Kwanza, nani anapima, mara ngapi, na kama amefundishwa. Ukimpima mtu mara moja asubuhi, kashachomwa dawa ya usingizi, hujapima kitu. Pili, watawafuatilia muda gani?

RASHIDI: Wameandika miezi mitatu.

BI MWANAHAMISI: Haitoshi. Aliyeumia kichwa anaweza kuendelea kupata nafuu hata baada ya mwaka, na ukifunga daftari mapema utamwandika kama aliyeshindikana. Tena utazame nauli. Mgonjwa wa namna hii hapandi daladala. Anakodiwa gari, na ndugu wawili wa kumbeba. Kama bajeti haina fungu hilo, mwezi wa nne hakuna atakayerudi kliniki, na nyinyi mtakuwa mmelipia nusu ya jibu.