SOMO: MCHUNGWA JUU YA MLIMAU

Watu wengi waliopungukiwa damu, zaidi akina mama wenye mimba na watoto wadogo, hula sombe mara nyingi. Sombe ina chuma, na mwili hutumia chuma kutengeneza damu. Lakini mwili huchukua sehemu ndogo tu ya chuma cha majani. Ukila chungwa pamoja na chakula hicho, vitamini C iliyomo husaidia mwili kuchukua zaidi. Chungwa si dawa ya malaria wala ya minyoo. Mtu aliyepauka na kuhemahema aletwe hospitali upesi.

Machungwa si mageni kwetu. Daktari Sidney Hinde, Mwingereza aliyefika Kasongo na majeshi mwaka 1893, aliandika kwamba alikuta huko machungwa, mapera na makomamanga. Matunda kama peya ya Ulaya hutaka majira ya baridi, kwa hiyo hayafai katika joto letu. Mchungwa unafaa.

Ukipanda mbegu ya chungwa, pengine utangoja miaka saba au zaidi. Mti uliopandikizwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Wakristo wanalijua neno hili kutoka Warumi 11, ambapo Paulo anasema juu ya matawi ya mzeituni. Fanya hivi:

1. Panda mbegu mbichi za limau kivulini. Usizikaushe.

2. Mche ukiwa mnene kama kalamu ya risasi, ngoja mvua za mwezi wa tisa au wa kumi. Wakati huo ganda huachana na mti kwa urahisi.

3. Osha kisu chenye makali kwa maji moto na sabuni. Hospitalini hatumpasui mtu kwa chombo kichafu. Mti nao huambukizwa kwa kisu.

4. Shibiri moja juu ya udongo, kata ganda la mche kwa kukingama, kisha kuteremka chini, urefu wa sentimeta 3. Usikate mti wa ndani.

5. Chagua mchungwa mzima, wenye matunda matamu. Katika tawi lake toa jicho moja pamoja na kipande chembamba cha ganda. Kata jani, uache kikonyo chake.

6. Ingiza jicho chini ya ganda la mche, likitazama juu. Funga kwa ukamba wa mgomba, lakini jicho lenyewe lisifunikwe.

7. Baada ya wiki tatu fungua. Jicho likiwa bichi, limeshika: kata mche juu yake kidogo. Likiwa jeusi na kavu, limekufa: jaribu upande wa pili.

8. Ng'oa kila chipukizi linalotoka chini ya jicho. Ukiliacha, mlimau utashinda, nawe utavuna malimau.

Mti ukipata nguvu, uhamishe kwenye shimo la sentimeta 60 lenye samadi iliyooza. Kati ya mti na mti acha meta 6. Jicho lisizikwe udongoni.

Mama mwenye mimba leo asingoje mti huu. Anunue chungwa sokoni, aje kupimwa damu. Mti ni kwa mtoto wake.

MASWALI
1. Kwa nini tunakula chungwa pamoja na sombe?
2. Kwa nini tunaosha kisu?
3. Machipukizi ya chini yakiachwa, tutavuna nini?