Gumboro: Ugonjwa Unaoua Askari Kabla ya Vita

Juzi kijana mmoja alinipigia simu: "Bwana mifugo, kuku nimewachanja kideri, mbona wanakufa kwa kideri?" Nikamuuliza, Gumboro je? Akasema hiyo aliiruka, apunguze gharama. Hapo ndipo alipoumia.

Iko hivi. Ndani ya damu ya kuku kuna chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili. Baadhi humeza vimelea. Nyingine hutengeneza kingamwili, yaani silaha maalumu kwa kila ugonjwa, na humkumbuka adui aliyewahi kuja. Chanjo inategemea kumbukumbu hiyo.

Sasa, hizi za kingamwili hukomaa kwenye kifuko kidogo kilicho juu ya njia ya haja, kinaitwa bursa. Virusi vya Gumboro hushambulia hapo hapo, hasa kifaranga akiwa na wiki 3 hadi 6. Hata akipona, askari wake wamepungua. Ukimchanja kideri, mwili hauipokei chanjo vizuri.

Kwa hiyo zingatia haya:

1. Kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14. Rudia kideri siku ya 21, Gumboro siku ya 28.
2. Maji ya chanjo yasiwe na klorini wala dawa.
3. Antibayotiki haiui virusi. Usipoteze hela.

Vifo vikianza, wahi kwa daktari wa mifugo apasue mzoga na kuangalia. Usibahatishe, mtaji ni wako.