SOMO: NDEGE WALIOJENGA NDANI YA DOHANI

Mwanachama wetu mmoja, ambaye binti yake ameolewa Bangwe huko Kigoma, ametuletea swali ambalo twaona yafaa lijibiwe mbele ya wanachama wote. Jiko la binti yule limejengwa kwa matofali, nalo lina dohani ya kutolea moshi. Ndege wamejenga ndani ya dohani, na kila moto ukikokwa moshi warudi chumbani. Mume ataka kukoka moto mkubwa wa makuti makavu ya michikichi ili ndege watoke mara moja. Mke ataka makinda waachwe. Baba mkwe aulizwa atoe hukumu, naye ametuletea sisi.

Pengine wanachama watauliza, Bangwe na karafuu wapi na wapi? Bangwe ni rasi iliyo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, karibu na bandari ya Kigoma, na si mbali na Ujiji, mji ambao watu wa visiwa hivi walikuwa wakiufikia kwa miguu kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Ujamaa huo haujakatika. Lakini iko sababu iliyo karibu zaidi. Nyumba zenye dohani zinaongezeka hata katika mashamba yetu, na ndege wanaoingia humo ni wale wale.

Jibu letu ni kwamba mke ana haki, ila kwa sharti moja: moto usikokwe kabisa katika jiko lile mpaka makinda waruke.

Sharti hilo si la kuwaonea ndege huruma tu. Kuni au makaa yakiungua mahali ambapo hewa haipiti vizuri, hutoka hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Wengi hudhani hatari imo katika moshi mzito, kumbe makaa mekundu yaliyokwisha kuacha kutoa moshi ndiyo yanayodanganya watu. Mtu aumwaye kichwa jikoni, akaona kizunguzungu au kichefuchefu, kisha akapata nafuu akitoka nje, asiseme ni uchovu. Na atolewe nje upesi, moto uzimwe, apelekwe hospitali. Mtoto aliyelala karibu na jiko hawezi kusema kichwa chamuuma.

Na ule moto mkubwa anaoutaka mume hautamfaa. Makinda wasioweza kuruka hawatoki kwa moshi. Hufia mle mle, na kiota hubaki kimeziba. Tena nyasi kavu pamoja na masizi ya dohani zikishika moto, moto hupanda mpaka kwenye paa. Mtu aweza kuunguza nyumba yake kwa sababu ya ndege wenye uzito wa konzi ya mchele.

Basi kwa muda huo chakula kipikwe nje, kwa mafiga au jiko la makaa, chini ya banda lililo wazi pande zote. Mvua ikinyesha jiko la makaa lisiingizwe chumbani, maana hapo tutakuwa tumeikimbia sumu ya dohani na kuikaribisha ya makaa.

Muda wenyewe ni kiasi gani? Hapo ndipo yapasa kumjua ndege.

Yakianguka majani makavu, nyuzi na vipande vya karatasi, huyo ni shomoro, au jurawa kama tusemavyo sisi. Yeye ndiye azibaye dohani kuliko wote, kwa kuwa hushindilia nyasi bila kiasi. Mayai yake huanguliwa kwa muda wa wiki mbili hivi, na makinda huruka baada ya wiki mbili au tatu nyingine. Kwa habari tulizopewa, ndege wa Bangwe ni huyu, na makinda wamekwisha kuota manyoya. Kwa hiyo ugomvi wote wa nyumba ile ni wa siku chache tu.

Zikianguka nyoya zilizogandishwa kama kwa gundi, huyo ni kijumbamshale. Gundi hiyo ni mate yake mwenyewe. Wengi humchanganya na mbayuwayu, na wako wanaowaita wote barawai. Lakini mbayuwayu hujenga kwa udongo, na hutua juu ya waya, jambo ambalo kijumbamshale hawezi. Yeye hukaa juu ya mayai kwa muda wa wiki tatu au zaidi kidogo, na makinda wake huchukua wiki tano au sita kabla ya kuruka.

Na mkiona chini vidonge vyeusi vyenye mifupa ya panya na manyoya, mwenye nyumba ni bundi. Huyo huhitaji subira ya miezi mitatu. Twajua yanayosemwa juu ya bundi alalaye katika nyumba ya watu, na hatutaki kubishana na wazee wetu. Twasema tu kwamba vile vidonge ni hesabu ya panya waliokuwa wakila mpunga wenu.

Kijumbamshale na mbayuwayu nao wana kazi yao kwetu. Mvua zianzapo, kumbikumbi hutoka ardhini kwa wingi, na kila jozi itakayosalimika yaweza kuanzisha kichuguu kipya. Mkulima aliyepanda miche ya mikarafuu akaikuta imeliwa na mchwa hahitaji kuelezwa zaidi. Ndege hawa huwala kumbikumbi wangali hewani, wala hatudai kwamba humaliza mchwa; hupunguza.

Huko Marekani yuko kijumbamshale wa namna nyingine, ambaye zamani alijenga ndani ya miti yenye uwazi. Miti ilipokatwa akahamia katika dohani, hata akapewa jina la dohani. Sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 yakataza kuharibu kiota chake chenye mayai au makinda, na siku hizi, dohani za kale zikizibwa, wako watu wanaomjengea minara myembamba ili apate pa kukaa.

Kinda akianguka mekoni, arudishwe kiotani kwa mkono kama panafikika. Si kweli kwamba mama humkataa aliyeguswa na mtu. Asimwagiwe maji mdomoni, wala asilishwe ugali au mkate. Kijumbamshale asirushwe juu kama jiwe ati ajifunze kuruka.

Mkidhani wameondoka, tazameni mdomo wa dohani alfajiri na magharibi kwa siku mbili, kisha mulikeni ndani kwa tochi. Kuziba dohani yenye ndege hai ni ukatili, na harufu yake itawaadhibu. Ikiwa ni tupu, nyunyizeni kiota maji kabla ya kukitoa, na afanyaye kazi hiyo ajifunge kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu vumbi la mavi ya ndege laweza kuleta ugonjwa wa kifua. Bangwe kazi hii ifanywe Agosti au Septemba kabla ya mvua. Kwetu, Januari au Februari kabla ya masika. Lakini ndege wa nchi zetu hawafuati kalenda sana, basi kutazama kwanza ni lazima wakati wote.

Juu ya dohani wekeni kipande cha bati kilichoinuliwa kwa miguu minne ya chuma, na pande zake zizungushiwe wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi robo tatu ya inchi. Chandarua cha plastiki hakifai, kitaungua. Wala matundu yasiwe madogo mno, maana masizi huyaziba kama yalivyozibwa na nyasi. Wavu upigwe brashi kila baada ya miezi miwili, jiko likiwa limepoa. Na kwa shomoro aliyehamishwa, chungu cha zamani kikitundikwa chini ya upenu, mbali na jiko, kinamtosha.